Kwa wauguzi mnaoingia naiti, zamu ya usiku, mara ya kwanza

Wadogo zangu, nawaona. Mnakabidhi ripoti asubuhi, mnanyoosha moja kwa moja Raskazone, ufukweni Tanga, kupunga upepo, kichwa wazi, kisha jioni mnarudi wodini macho mekundu mkilalamika usingizi haukuja. Ungekujaje?

1. Jua ni dawa, na dawa ina saa yake. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kuipasha habari saa iliyo ubongoni. Saa hiyo, kwa wengi wetu, mzunguko wake unazidi masaa 24 kidogo, kwa hiyo kila siku husahihishwa na mwanga. Aliyelala usiku, jua la asubuhi linamfaa. Anayetoka naiti, jua hilohilo linamwambia kumekucha. Taa za wodini mara nyingi hazizidi laksi (kipimo cha mwanga) 500. Nje, hata mawingu yakitanda, ni maelfu.

2. Mimi nilijiona mjanja kuwapita. Nikitoka kazini napiga baiskeli polepole kandokando ya bahari, chai na mihogo barazani, jua usoni, eti nauchosha mwili. Saa sita mchana macho kodo, bati linatema moto. Basi usiku mmoja, kwenye saa kumi, ile saa joto la mwili liko chini kabisa, nikaandika presha ya kitanda cha sita kwenye faili la kitanda cha tisa. Bibi aliyekuwa akimuuguza mumewe akaniambia, "Mwanangu, mbona huyu hujampima?" Nikabisha! Nikamfungulia faili nimwoneshe: mwandiko wangu, saini yangu, presha ya mtu mwingine. Babu hakudhurika, lakini dawa yake ilikuwa inategemea namba ile. Sista wa zamu hakunifokea. Aliniuliza tu mchana nililala saa ngapi, nami nikamdanganya. Uongo ule unaniuma kuliko namba.

3. Kahawa mwisho saa sita usiku.

4. Kofia na miwani ya jua kuanzia getini. Dirishani tundika kanga mbili kama pazia ni jepesi. Simu ilale chumba kingine.

5. Raskazone nendeni siku ya ofu, mapema, mwangaza uirudishe saa yenu mchana. Hapo hata mkikaa mpaka jua liwe kali, sina neno.

6. Ukitoka unasinzia, baiskeli iache kwa mlinzi, panda bajaji.