Mbona wakuu wa kituo changu cha anga wanaonekana wajinga tu?

Swali: Habari mhariri. Naandika riwaya ya sayansi ya kubuni, kituo cha anga kinavuja hewa, mafundi wameshaona ila uongozi umeng'ang'ania utaratibu mpaka watu wanakufa, mwishoni shujaa anachana kitabu cha taratibu. Walionisomea wanasema hawaamini, viongozi gani wajinga hivyo. Nirekebishe wapi?

Jibu: Ndugu yangu, wamekwambia kweli, ila kosa sio uongozi kukataa, kosa umewanyima sababu ya kukataa. Sheria ngumu huwa ina kaburi nyuma yake. Tuseme zamani fundi alifunga mlango wa dharura bila kuuliza, wenzake wakabaki upande usio na hewa, ndo ikatungwa sheria ya saini tatu. Leo hewa inavuja, mwenye saini ya tatu hapatikani, na mkuu anayemsubiri ndo aliyewazika wale wenzake. Hapo hata msomaji akimkasirikia atamuelewa.

Halafu isome vizuri ajali ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani, mimi mpaka leo inaniuma. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walisema kisirushwe, baridi itafanya pete za mpira zishindwe kuziba maungio ya roketi hizo, lakini data za baridi kali namna ile hawakuwa nazo, na badala ya kudaiwa uthibitisho kwamba chombo ni salama kama ilivyozoeleka wakajikuta wanadaiwa uthibitisho kwamba sio salama, mabosi wao wakageuza msimamo, asubuhi kikarushwa, sekunde 73 tu kikasambaratika na watu 7 wakafa. Na pete zilishawahi kuungua safari za nyuma, chombo kikarudi salama, basi kila kikirudi woga unapungua.

Kwa hiyo uvujaji wako uanze sura ya kwanza kabisa, geji ishuke kidogo kidogo, fundi aandike "kawaida" kwa sababu fomu haina sehemu ya kuandika "sijui".

Mwisho wa riwaya pia nina wasiwasi nao, shujaa kuchana kitabu cha taratibu ni rahisi mno. Kwenye Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda mwezini iliyopata hitilafu mwaka 1970, vichujio vya hewa vya mraba havikuingia kwenye matundu ya duara, wahandisi wa ardhini wakabuni kiungo cha plastiki, kadibodi na tepu, kisha wakawasomea wanaanga kwa redio hatua moja baada ya nyingine, yaani nidhamu ileile ya taratibu. Mpe shujaa wako ukurasa mmoja wa kuandika upya, na yule mkuu ndo awe wa kwanza kuusaini.