Umefukuzwa kazi kwa meseji: hesabu siku zako kabla ya kutafuta wakili

Mkuu, umeuliza hivi: mtunza stoo wa Dar, miaka mitatu kazini, katumiwa meseji ya WhatsApp "usije tena", siku 19 zimepita, aanze kwa wakili gani? Aanze na kalenda. Huku Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ikome. Madai mengine, kama mshahara ambao haujalipwa, yana siku 60. Za kuachishwa zimebaki 11, na hazisimami kwa sababu bosi kasema njoo Jumatatu tuongee, wala kwa sababu umemwendea afisa kazi. Kesi nyingi nzuri zinafia hapo. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utadaiwa maelezo ya kila siku uliyochelewa.

Kufungua hakuhitaji wakili, na CMA haitozi ada. Chukua Fomu Na. 1, jaza, mpelekee mwajiri nakala asaini kuipokea, kisha peleka ya kwako CMA pamoja na uthibitisho huo. Akigoma kusaini, itume kwa posta ya rejista na utunze risiti. Usiifanyie fomu hii haraka. Kama shida ni kuachishwa, jaza na Sehemu B, ambayo wengi huiruka. Unachodai kiandike chote: notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo ambayo hukuchukua, kiinua mgongo (siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo hapa siku 21), cheti cha utumishi, na fidia ya kuachishwa isivyo halali. Ambacho hukukidai kwenye fomu, usitegemee mwamuzi akupe baadaye.

Sasa ushahidi, na hapa naomba uwe makini kweli. Mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu, ikiwemo kukuita kwenye kikao cha nidhamu na kukupa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Lakini wewe kwanza uthibitishe kwamba ulikuwa mwajiriwa wake na kwamba yeye ndiye aliyekuachisha. Utetezi ambao waajiri wanaupenda ni "huyu alitoroka kazini". Kwa hiyo meseji ile ni dhahabu: usiifute, piga picha inayoonyesha namba na tarehe, na simu yenyewe itunze. Kama huna mkataba wa maandishi, michango ya NSSF na taarifa ya miamala ya mshahara vinakusemea. Leo hii mtumie mwajiri ujumbe wa heshima: "Naomba kufahamishwa kwa maandishi sababu ya kusitishwa ajira yangu na lini nitalipwa stahiki zangu." Akijibu umepata ushahidi, asipojibu umeonyesha kwamba hukutoroka. Na usisaini karatasi yoyote inayosema umelipwa haki zako zote kama hujalipwa.

Kwenye usuluhishi, hatua ya kwanza hapo CMA, msuluhishi hahukumu, anawapatanisha. Usipofika unaweza kufutiwa shauri. Mkikubaliana, hakikisha kiasi na tarehe ya malipo vimeandikwa kabla hujasaini. Mkishindwa, chukua cheti cha kushindikana na ujaze notisi ya kwenda kwenye uamuzi, ambako mwamuzi anasikiliza pande zote na kuamua.

Hapo kwenye uamuzi ndipo msaada wa mtu mwingine unapolipa, maana kuna viapo, mashahidi na kuhoji upande wa pili. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, kiongozi wake anaruhusiwa kukuwakilisha. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, watakusaidia kuelewa na kujaza fomu bure, ila si mawakili. LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), na kwa wanawake TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake) na WLAC (Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake), wana mawakili wa msaada wa kisheria. Nenda na nyaraka zako zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Ukiamua kulipa wakili, tafuta kwanza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni hai, kwa sababu vishoka, yaani mawakili feki, wanazurura nje ya ofisi hizi. Makubaliano ya ada yawe ya maandishi, na kila shilingi ipewe risiti.

Kama umefanya kazi chini ya miezi 6, au ni mtumishi wa umma, njia ni tofauti. Sema hapa nikuelekeze.