Kila Chupa na Kijiti Chake: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi ya Udi

Juzi Jumatano, kabla ya adhuhuri, kijana wetu mpya alichomoa kijiti cha kioo kutoka kwenye chupa ya Kambodi, yaani mafuta ya udi ya Kambodia, akakifuta kwa karatasi, kisha akakielekeza kwenye chupa ya Hindi ya zamani, mafuta ya udi ya India. Nilimdaka mkono ncha ikiwa haijagusa mafuta, na nilimdaka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Alishtuka, maskini, kwa kuwa machoni pake kijiti kilikuwa safi. Huyu ni wa nne mwaka huu ninayemwona akifanya vivyo hivyo, na kwa kuwa nawapenda nyote na uvumilivu wangu umeanza kupungua, nimeona heri niandike, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine mnaotoka Unguja, Pemba na Mombasa kuja kushika kazi katika maduka ya udi hapa Mutrah, Oman.

La kwanza, jueni mnachouza. Mmekulia katika nyumba zenye vyetezo, kwa hiyo mnadhani udi mnaujua. Udi mliouzoea nyumbani mara nyingi ni ule wa kupikwa, wa sukari, sandali na manukato, nao una heshima yake. Bibi yangu aliupika vizuri hata majirani wakajua siku ya kupika bila kuambiwa. Kipande cha mti ni kitu kingine. Mti wenyewe, Aquilaria, asili yake ni misitu ya Asia, kuanzia Assam hadi visiwa vya Indonesia na Papua, na ukiwa mzima mbao zake ni nyeupe, nyepesi, wala hazinukii. Harufu huja pale mti unapojeruhiwa na mdudu, na dhoruba au na shoka, kuvu ikaingia kwenye kidonda, na mti ukajikinga kwa utomvu unaojaa ndani ya mbao mwaka baada ya mwaka hadi ikawa nyeusi na nzito. Mwezi uliopita nilimsikia mmoja wenu akimhakikishia mama mmoja kwamba udi wetu unatoka kwenye miti yenye afya, isiyowahi kuugua. Alisema kwa moyo safi kabisa, na yule mama nusura aondoke, kwa sababu alikuwa akiahidiwa kuni. Msandali wa kwetu, ule wa Kenya na Tanzania, nao ni mti mwingine kabisa. Msiuite udi mbele ya mteja anayejua.

La pili ni kijiti, na hapa nitakaa kidogo. Kila chupa ina kijiti chake, na kijiti hakihami. Najua mliambiwa siku ya kwanza. Nami niliambiwa siku ya kwanza. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili, nikifanya kazi kwa mzee mmoja aliyenipokea kama mwanawe. Mzee alikuwa na chupa ya Hindi, mafuta ya Assam yaliyokenekwa kutokana na vipande vilivyolowekwa muda mrefu, ambayo aliyanunua yakiwa mapya na kuyaweka kabatini miaka mingi, hadi ule ukali wa zizi ukatulia na kuacha utamu mzito, kama ngozi na tende zilizokaa pamoja sandukuni. Zilibaki tola 4, kwa kipimo chetu cha uzito wa mafuta, na zote zilikuwa na mwenyewe: bwana mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, aliyeyatafuta mafuta ya namna ile kwa udi na uvumba kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na arubuni ameshatoa.

Siku ya kuyahamishia kwenye chupa yake, mzee alikuwa ametoka kuswali, duka limejaa watalii walioshuka melini, nami nilitaka kumaliza upesi. Mafuta yalikuwa mazito kwa baridi ya asubuhi, yanahitaji kukorogwa, na kijiti cha chupa ile sikukiona. Nikachukua cha jirani, kilichokuwa kwenye miski nyeupe ya kiwandani, nikakifuta kwa kitambaa mara tatu, nikakinusa, nikaona hakina kitu. Pua yangu ilikuwa imefanya kazi tangu alfajiri na imekwisha choka. Siku ile isingenusa hata karafuu. Nikakoroga, nikamimina, nikafunga.

Asubuhi yake, Jumanne, nilifungua chupa ili nihakikishe. Juu kabisa, kabla udi haujafika puani, palikuwa na kitu chembamba, cheupe, kama shuka iliyofuliwa kwa sabuni ya unga. Nilijua papo hapo. Nikapaka nyuma ya mkono, nikangoja saa nzima, nikapaka mkono wa pili, nikiomba pua iwe inanidanganya. Udi hubadilika juu ya ngozi kadiri saa zinavyokwenda, lakini ile miski ilibaki palepale, haisogei. Mzee alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipo, ameshika kikombe cha kahawa, na ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba harusini watu hujipaka mambo mengi, nani atatambua. Nilikaa na jambo lile siku tatu, sili vizuri, silali vizuri, na Ijumaa bwana yule akaja, akalipa salio, akaifunga chupa ndani ya leso kama mtu anayefunga dawa ya mtoto.

Alirudi baada ya wiki mbili, harusi ikiwa bado. Hakupandisha sauti. Aliiweka chupa mbele yangu, akasema kwa Kiswahili, mzee akisikia: “Mwanangu, nusa, kisha uniambie humu mna nini.” Nilinusa, sikupata la kujibu. Mzee akaichukua, akaipitisha chini ya pua mara moja tu, na alipomaliza hakuitazama chupa, alinitazama mimi. Bwana yule alirudishiwa fedha zake zote siku ileile na kupewa tola 1 ya mafuta mengine bila malipo, lakini mafuta kama yale mzee hakuwa nayo tena, nami tangu siku hiyo sijakutana nayo. Duka lilipofungwa mzee aliniuliza swali moja: “Jumanne ulijua?” Nikasema nilijua. Gharama ilikatwa katika mshahara wangu kwa miezi 14, na katika miezi yote hiyo suala la kijiti hakulitaja. Alilolirudia, tena kwa upole, ni la Jumanne. Basi mkikosea, njooni saa ileile. Nitakasirika, nitanyamaza kidogo, kisha tutatafuta njia pamoja.

La tatu ni mambo madogo, nayo nayapitia haraka. Harufu ya zizi katika Hindi si kuharibika, kwa hiyo acheni kumwomba mteja radhi; mwambieni asubiri nusu saa. Tola ni uzito, gramu 11.66, kwa hiyo tumieni mizani, si jicho. Mzigo wa vipande ukija, vunjeni kimoja katikati, kwa sababu vipo vilivyopakwa weusi juu na ndani ni mti mtupu, na kuzama majini peke yake si ushahidi, maana walaghai wanajua kuongeza uzito. Makaa yasubirini yavae jivu kabla ya kuweka kipande, ili utomvu utoke jasho polepole badala ya kuungua.

La nne ni chetezo, na muda wake. Huku Ghuba udi hupitishwa mwisho wa ziara, na baada ya udi hakuna kukaa. Mmoja wenu, kwa ukarimu wa kwetu, aliwapitishia wageni chetezo barazani kwa mwenyeji wetu hata kahawa haijamiminwa. Wageni wakajifukiza, wakashukuru, wakainuka wakaenda zao, na mwenyeji akabaki na sinia zima la wali. Tulicheka wote, naye alicheka, lakini wali ule tulikula siku mbili.

La tano, mnapokwenda likizo. Tangu 2005 spishi zote za Aquilaria zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kiasi ambacho msafiri anaruhusiwa kubeba kama mzigo wake binafsi bila kibali ni kilo 1 ya vipande, mililita 24 za mafuta na tasbihi 2, na nchi yoyote inaweza kukaza zaidi ya hapo. Zawadi za mtaa mzima hazitoshi humo. Chagueni shangazi mmoja.

Chupa ile mzee alinipa siku nilipomaliza deni. Imo katika mtoto wa meza, upande wa kushoto, na kijiti chake kimefungwa shingoni kwa uzi. Wewe wa Jumatano, njoo Jumamosi asubuhi kabla hatujafungua, usijipake kitu, usinywe kahawa, uje unuse Hindi safi kwanza, kisha nikunusishe hiyo.