Kibodi ya pili iwe ya amri tu

Ndugu, nimekuelewa: una kibodi ya zamani ya USB, unataka iwe ya amri za kuhariri video tu, lakini ukibonyeza A kwenye yoyote kati ya hizo mbili, Windows inaandika A ileile. AutoHotkey, programu ya kuvipa vitufe kazi mpya, peke yake haitofautishi kibodi. Iongezee AutoHotInterception (nyongeza yake) na draiva ya Interception, ambazo pamoja hutambua kibodi ipi imebonyezwa, kisha washa kompyuta upya. Vitufe vya kibodi ya pili vipe kazi ya F13 hadi F24, vitufe ambavyo kibodi nyingi hazina: Windows inavitambua, na ni nadra programu kuvitumia, kwa hiyo havigongani na kitu. Bandika stika za amri kwenye vitufe mapema, maana utasahau. Kibodi hiyo usiichomoe na kuichomeka ovyo. Ukizidisha, draiva huacha kuiona mpaka uwashe upya. Kompyuta ikiwa ya ofisi, muone kwanza mtu wa IT. Na baadhi ya gemu za mtandaoni huikataa draiva hiyo.