Kuwinda Kindi Msimu Unapokaribia Kufungwa

Wawindaji wengi katika misitu ya mashariki ya Marekani huweka bunduki zao kabatini mara majani yanapokwisha kupukutika, wakiamini kwamba kindi waliosalia ni wachache na wamekuwa wajanja mno. Mimi naupenda mwezi wa Januari kuliko Septemba, na humshauri kila anayeanza mawindo haya aingie msituni wakati huo wa baridi, mradi akubali kubadili saa zake na mahali anapokaa.

Kindi wa kijivu halali usingizi msimu mzima wa baridi kama wanyama wengine wanavyofanya. Hujikunyata ndani ya tundu la mti au kiota cha majani, na siku za baridi kali aghalabu hutoka mara moja tu, jua likishapasha joto matawi. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kuketi gizani nikitetemeka. Naingia msituni kama saa tatu asubuhi na kubaki hadi alasiri. Upepo mkali humfanya asitoke kabisa, hivyo siku ya upepo ni afadhali kubaki nyumbani. Siku ninayoingoja kwa hamu ni ile tulivu yenye jua inayofuata dhoruba ya theluji, kwa kuwa njaa huwatoa hata wale waoga.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni chakula. Kufikia Januari karibu kila kilichokuwa matawini kimekwisha, na kindi anaishi kwa akiba aliyoifukia ardhini. Hapa inafaa kuijua miti. Kokwa za mialoni myeupe huota vuli ileile zinapoanguka, kwa hiyo kindi huzila mapema. Zile za mialoni myekundu hutulia hadi majira ya kuchipua, nazo ndizo anazopendelea kuzifukia. Basi tafuta mialoni myekundu, pamoja na mihikori na mijozi, miti mingine yenye kokwa ngumu, hasa kwenye mteremko unaoelekea kusini ambako theluji huyeyuka mapema. Inama uchunguze ardhi: utaona vishimo vidogo vyenye upana wa vidole vitatu hivi, majani yaliyooza yakiwa yamesukumwa pembeni, na vipande vya maganda vilivyotapakaa juu ya gogo au kisiki. Udongo ulio kwenye kingo za kishimo ukiwa bado mbichi na mweusi juu ya theluji nyeupe, keti hapohapo. Majira ya baridi yanapoelekea kwisha, inua macho pia kwenye miti ya maple na elm, kwani kindi hupanda huko kula machipukizi.

Msitu ulio wazi hukuwezesha kuona mbali, lakini nawe unaonekana vilevile. Egemea shina lililo pana kuliko mabega yako, na utumie darubini kabla ya miguu. Usitarajie kumwona kindi mzima. Tafuta ncha ya sikio, manyoya ya mkia yanayopeperushwa kidogo, au uvimbe usiolingana na tawi. Akikuona na kuzungukia upande wa pili wa shina, mwenzako atembee polepole kuelekea huko, naye kindi atarudi upande wako. Ukiwa peke yako, kitupe kijiti upande ule kisha utulie tuli.

Kwa umbali wa msitu usio na majani napendelea raifo ya .22, yaani bunduki ya risasi ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, iliyofungwa darubini, nikilenga kichwa ili nyama isiharibike. Hata hivyo risasi hiyo ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na matawi matupu hayaizuii. Usifyatue kamwe kumlenga kindi ambaye nyuma yake kuna anga tupu. Ngoja awe mbele ya shina nene au ardhi, na asipokuja hapo mwache aende. Kiota nacho usikipige risasi, kwa kuwa huoni kilichomo, na kufikia Februari baadhi ya majike wameshazaa. Tarehe ya kufunga msimu na idadi inayoruhusiwa kwa siku hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo soma kanuni za jimbo unakowindia kabla ya kutoka.

Baridi ina neema yake jikoni pia. Mabuu ya nzi yanayojichimbia chini ya ngozi ya kindi mwishoni mwa kiangazi huwa yamekwisha kutoka, na nyama haiharibiki upesi. Vaa glavu unapochuna, kwa sababu ya tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumwambukiza mtu kutoka kwa mnyama, na uipike nyama hadi iive kabisa. Kindi mkomavu, ambaye utamtambua kwa ngozi ngumu isiyotoka kwa urahisi, hafai kukaangwa moja kwa moja. Mchemshe kwa moto mdogo hadi nyama iachane na mfupa, ndipo umuunge kwa vitunguu.