Kamera ndani ya nyambizi ya rimoti: picha kukatika na ukungu

Ndugu, umesema picha inakatika nyambizi yako ndogo ya rimoti ikizama tu katika Ziwa Duluti, na kioo kilicho mbele ya kamera kinashika ukungu. La kwanza usihangaike nalo: mawimbi ya video ya gigahezi 5.8 hayapenyi maji. Rekodi kwenye memori kadi, utazame ukishaitoa nyambizi majini.

Ukungu ni unyevu uliofungiwa ndani. Kamera inapasha hewa, maji yanapoza kioo, matone yanashika hapo. Weka vipakiti viwili vya silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) iliyokaushwa, na ufungie kamera ndani ukiwa nyumbani, si pale ukingoni mwa ziwa. Lenzi ikaribiane kabisa na kioo, pembeni uzibe kwa sponji nyeusi; la sivyo utarekodi mwako wa taa zako mwenyewe ukiakisiwa na kioo.

Kisha pima mlalo upya kwenye beseni la maji, yaani kama nyambizi inalala sawa bila kuinama. Kamera imeongeza uzito puani, kwa hiyo punguza vipande vya madini ya risasi vya mbele vinavyoipa nyambizi uzito.