Mwanangu, Mwambie Ulichokiona

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako tumeisoma pamoja na mama yako, naye anakusalimu sana. Unaeleza kwamba binti unayemfundisha ushonaji hapo Kaloleni ana mkono mzuri lakini hajiamini. Kila unapomwambia kuwa yeye ni fundi wa ajabu anainamisha kichwa, na kesho yake anaomba apewe kazi ya kushona vifungo tu, asiguse sketi za marinda. Fundi mwenzako naye amekukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sasa unaniuliza kama uache kabisa kumsifu.

Usiache, mwanangu. Kinachohitaji kubadilika ni kile unachomwambia. Mtu anayejidharau haji kwako akiwa hana maoni kuhusu nafsi yake. Hukumu ameshajipitishia kitambo, na ushahidi wake anao. Ukimwambia kwamba yeye ni fundi wa ajabu, anakumbuka kola aliyoifumua jana asubuhi na zipu aliyoiweka kinyume juzi, kisha anajiuliza kama hujui kazi yako au kama unamwonea huruma. Zaidi ya hapo, umemtwika jina ambalo sasa lazima alilinde, na njia rahisi ya kulilinda ni kukaa mbali na kazi yoyote inayoweza kumuumbua. Ndiyo maana anakimbilia vifungo.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 2014 Eddie Brummelman, mwanasaikolojia wa Uholanzi, na wenzake walichapisha utafiti ambao ndani yake watoto walinakili mchoro wa mchoraji maarufu Van Gogh, kisha wakapokea maoni yaliyosemekana kutoka kwa mchoraji mzoefu. Baadhi yao waliambiwa kwamba wamechora picha nzuri, wengine kwamba wamechora picha nzuri kupita kiasi, na wengine hawakusifiwa. Halafu kila mtoto aliachiwa achague picha za kuchora, rahisi au ngumu. Watoto waliokuwa wakijithamini kidogo, walipopewa sifa ile kubwa, walikwepa picha ngumu. Walipopewa sifa ya kawaida hawakuogopa vile. Watafiti hao waliona pia kwamba watu wazima huwamiminia sifa zilizokuzwa hasa watoto wale wale wasiojiamini, kwa nia njema kabisa, wakidhani wanawainua. Naye mwanasaikolojia Carol Dweck, akiwa na Claudia Mueller huko Marekani, alionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa bidii yao.

Mimi niliyaona hayo mlimani Kilimanjaro. Unajua nilivyofanya kazi na wagumu, vijana waliotoka vijijini kuja kubeba mizigo ya wageni, na unajua jinsi mgumu mpya anavyojiona kuwa ni mgongo tu. Mzigo wake unapimwa langoni ili usizidi kilo 20, lakini yeye mwenyewe hakuna anayemtazama. Kiongozi akisimama jioni kambini akasema, "Hongereni nyote, ninyi ni simba," watapiga makofi na kwenda kula, na hakuna kitakachobaki. Lakini kiongozi akimwita kijana mmoja na kumwambia kwamba ameona jinsi alivyokaza kamba za hema upande wa upepo bila kuagizwa, na kwamba ndiyo sababu mgeni alilala pakavu usiku kucha, kijana huyo atajua kuwa kuna mtu aliyemwona akifanya kazi. Kambi inayofuata utamkuta anakagua mahema yote, hata yasiyo yake. Hakujazwa kiburi, amepata ushahidi mpya kuhusu nafsi yake, nao ni wa kweli, kwa hiyo hana namna ya kuukana.

Lakini neno la kiongozi lilikuwa na uzito kwa sababu mdomo uliosifu ndio uliosema pia yasiyopendeza. Mgeni anayetapika na kuyumba akiwa amekaribia kilele, kiongozi anayejua kazi yake hamwambii kwamba anakwenda vizuri. Anamteremsha, hata kama mgeni analia kwa uchungu wa kukikosa kilele alichokilipia. Wenzake wanaobaki wanapoambiwa kwamba mwendo wao ni mzuri, wanaamini. Kwa hiyo rinda la binti likikosewa mwambie limekosewa wapi na alifumue. Usifiche kosa kwa kuogopa kumvunja moyo, kwa maana ukificha hilo, siku utakayomwambia kazi ni safi hatakuwa na sababu ya kukuamini.

Kuhusu methali aliyokutajia mwenzako, mimi naiheshimu, na nadhani wahenga walikuwa na haki ya kuonya. Mgema wa methali aliharibikiwa kwa sababu watu walimsifu yeye wakaacha kuonja tembo lake. Wahenga hao hao walisema pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wazazi wengi wa rika langu huku uchagani walishika onyo la kwanza peke yake. Waliwasifu watoto wao mbele ya majirani na kunyamaza mbele ya watoto wenyewe, na wapo watu wazima leo, wenye kazi na familia, ambao bado wanangoja kusikia neno lile la sifa.

Kutajwa ni jambo kubwa, mwanangu. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, kilicho kirefu kuliko vyote Kilimanjaro, na majina yao yakaenea duniani. Ukifika lango la Marangu utakuta kibao chenye jina la Yohani Kinyala Lauwo, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza, na majina ya wapagazi wanaosemekana walikuwa katika safari ile. Nimewaona wagumu wakisimama pale na kusoma majina hayo ya koo wanazozijua, na nyuso zao zikibadilika.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo: shukrani isichukue nafasi ya ujira. Nimeona watu wakipewa nyimbo na makofi mwisho wa safari huku malipo yao yamekatwa, na shukrani ya namna hiyo humwambia mtu kwamba hana thamani. Binti huyo akianza kushona sare zinazouzwa, mlipe fungu lake, hata liwe dogo, na umwonyeshe ulivyolipiga hesabu.

Basi Jumatatu mpe sketi moja ya marinda, moja tu. Akimaliza, ishike mbele yake na uitazame kwa makini kabla ya kusema neno lolote. Kama marinda yamelingana, mwambie yamelingana, na kwamba umeona alivyopima upya kabla ya kupiga pasi. Kama rinda la nyuma limepinda, mwambie na hilo. Usimfanyie hivyo mbele ya wateja mwanzoni, kwa sababu mwenye haya husikia vizuri zaidi akiwa peke yake. Akiinamisha kichwa tena, usimlazimishe kukubali. Endelea na kazi, kisha mpe sketi ya pili.

Tuandikie utuambie ilivyokwenda.

Baba yako